Dhahabu ya Geita ina umri gani?

Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imewabana Wajerumani wa Afrika Mashariki kila upande na meli haziwezi tena kuwaletea fedha kutoka kwao, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ya Sekenke, mgodi wa kule Iramba, iliyeyushwa na kugongwa sarafu za rupia 15: upande mmoja tai wa Kaisari, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, milima ikiwa nyuma yake. Tarehe imechapwa hapohapo, 1916. Wakusanyaji wa sarafu wanazigombea mpaka leo.

Tarehe ile iliwekwa na mkono wa mtu. Dhahabu yenyewe haikuwa na tarehe yoyote. Urani hubadilika polepole na kuwa risasi, potasiamu hubadilika na kuwa agoni, na mtaalamu akihesabu kilichobaki na kilichozaliwa hujua ni muda gani umepita. Dhahabu haina mchezo huo. Dhahabu yote ya asili, iwe pete ya harusi au vumbi lililobaki kwenye karai la mchimbaji, ni isotopu moja tu, dhahabu-197, nayo ni tulivu kabisa. Ilivyokuwa miaka bilioni mbili iliyopita ndivyo ilivyo asubuhi ya leo.

Ndiyo maana swali linaloonekana jepesi, la dhahabu ya Geita ina umri gani, limewashughulisha wanajiolojia kwa miongo kadhaa, na jibu lake hadi sasa limefungwa upande mmoja huku upande wa pili ukiwa wazi. Naliandika kwa kirefu kwa sababu naamini ni miongoni mwa maswali makubwa yanayoihusu ardhi yetu, na kwa sababu wengi wetu tunaoishi juu ya dhahabu hii tunaijua kwa bei yake tu.

Nani alimkata nani

Geita imo katika mkusanyiko wa mikanda ya miamba ya kale sana inayolizunguka Ziwa Victoria upande wa kusini na mashariki. Bulyanhulu imo humo, Buzwagi, North Mara, Nzega, na hiyo Sekenke ya tembo. Ukivuka mpaka unaikuta tena Migori, kisha Kakamega, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1930 walimiminika watafutaji wa dhahabu kutoka kila pembe ya koloni la Kenya. Mpaka uliwekwa na wakoloni juzi tu. Miamba hiyo ilishakamilika kabla hata hakujawa na mnyama wala mmea duniani.

Ukisimama pale Geita kwenye ukingo wa shimo la mgodi la Nyankanga, kinachovuta jicho ni matabaka ya mwamba wa chuma: mstari mweusi wa magnetaiti, mstari wa silika wa kijivu au mwekundu, mweusi tena, mwekundu tena, yote yamekunjwa na kupindwa kwa nguvu ambayo akili haiwezi kuipima. Matabaka hayo yalijijenga chini ya bahari, enzi ambazo hewa ya dunia haikuwa na oksijeni ya kumtosha kiumbe yeyote anayepumua kama sisi. Katikati yake yamo majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, na mchanga na tope la bahari hiyohiyo. Baadaye yote yalizikwa, yakapashwa joto, yakabanwa, yakageuka kuwa yale tunayofundishwa shuleni kwa jina la miamba geuzi. Lava ikipata joto la kadiri huota madini ya kijani, kwa hiyo maeneo ya namna hii huitwa mikanda ya mawe ya kijani.

Dhahabu imo ndani na pembezoni mwa matabaka hayo ya chuma, hasa pale yanapokutana na mwamba wa moto uliopenya katikati yake, dioraiti, na pale ambapo mipasuko mikubwa imepita. Mtu akiiona dhahabu ndani ya chuma, wazo la kwanza ni kwamba viwili hivyo vilizaliwa pamoja: bahari ilitua chuma, na dhahabu ikatua nacho. Halikuwa wazo la kipuuzi. Katika miaka ya 1970 na 1980 wapo wanajiolojia wazito duniani waliolitetea kwa migodi ya aina hii. Na uzito wake kwa mtafutaji ni mkubwa. Kama ni kweli, fuata tabaka la chuma popote liendapo, hata likienda kilomita kumi, kwa maana dhahabu ni sehemu ya tabaka. Kama si kweli, tabaka peke yake halikusaidii kitu, na unachopaswa kufuata ni mpasuko.

Hapo umri unaacha kuwa habari ya wasomi na kuwa habari ya fedha. Mtaalamu hakuanza na mashine. Alianza na macho. Ukuta uliopakwa rangi ukipata ufa, na ufa ukaipasua rangi, huhitaji kumuuliza fundi kipi kilitangulia. Miamba inasomwa hivyohivyo: kilichokata kimekuja baada ya kilichokatwa.

Ndani ya Geita Hill kuna daiki, yaani kuta nyembamba za mwamba mweusi wenye maika, uitwao lamprofaya. Zilipenya ndani ya miamba mingine zikiwa maji ya moto mkali kutoka chini sana, kisha zikaganda. Na mishipa yenye dhahabu imezikata daiki hizo. Mwenye jicho la kazi akiona hivyo anajua jambo zito: siku lamprofaya ilipopenya, dhahabu hii ilikuwa bado haijafika mahali pake.

Daiki, tofauti na dhahabu, inaweza kupimwa. Gregor Borg, mwanajiolojia kutoka Ujerumani aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika ukanda wa Sukuma, ni mmoja wa waliolishughulikia jambo hili kwa chembe za zirkoni. Mwaka 1999 yeye na Tom Krogh, bingwa wa vipimo vya zirkoni aliyekuwa Toronto, walichapisha umri wa miamba kadhaa ya ukanda huo. Lamprofaya ya Geita ilitoa miaka milioni 2,644, na uwezekano wa kukosea wa milioni 3 tu kwa juu au kwa chini. Miamba ya volkano iliyoipokea ina umri wa karibu miaka milioni 2,700.

Tuzisome hizo namba kwa utulivu. Kuanzia volkano zilipokuwa zikimwaga majivu baharini hadi dhahabu ilipoanza kuingia, ilipita miaka isiyopungua milioni 50. Huo ni muda unaokaribia ule uliopita tangu dinosaria wa mwisho walipotoweka hadi leo. Bahari ilishakauka au kuhama, matabaka yalishakunjwa, dioraiti ilishapenya na kuganda, ndipo mgeni akaingia. Chuma cha Geita kilikuwa mwenyeji wa dhahabu, hakikuwa mzazi wake.

Maji yaliyobeba

Mgeni huyo aliingia akiwa amebebwa na maji. Sehemu hii ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa hiyo msomaji anivumilie nikikaa hapa kidogo.

Mwamba wa kawaida wa ganda la dunia una dhahabu, ila ni miligramu chache tu kwa tani nzima. Mgodi unahitaji gramu kadhaa kwa tani. Maana yake ni kwamba kitu fulani kilipaswa kuikusanya dhahabu ya eneo pana sana na kuiweka mahali padogo, kwa wingi wa takriban mara elfu moja. Miamba ya kijani ikizama chini na kupata joto la nyuzi 500 za selisiasi na zaidi, madini kama kloraiti, ambayo yana maji ndani ya umbo lake, hayawezi tena kuyashikilia. Yanavunjika. Maji yanatoka, pamoja na kaboni dayoksaidi na salfa. Na salfa ndiyo hamali wetu: katika maji hayo ya moto yasiyo na chumvi nyingi, dhahabu hushikana nayo na kusafiri ikiwa imeyeyuka, haionekani.

Maji hayo ni mepesi kuliko mwamba, kwa hiyo hupanda. Hupanda kwa njia za mipasuko mikubwa, na hupanda kwa kishindo. Shinikizo hujijenga chini ya mwamba uliojifunga, tetemeko linatokea, mpasuko unafunguka, maji yanarushwa juu, kisha kwatsi inaganda na kuuziba tena mpaka tetemeko lijalo. Ndiyo maana mishipa mingi ya kwatsi nyeupe ina mistarimistari sambamba: kila mstari ni mara moja mpasuko ulipofunguka na kufungwa. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walionyesha hata kwamba kwatsi ikigongwa na mitetemo huzalisha umeme kidogo, na umeme huo unaweza kuivuta dhahabu iliyoyeyuka ikagandia juu ya dhahabu iliyotangulia.

Sasa chuma. Maji yenye salfa na dhahabu yakifika kwenye tabaka la magnetaiti, salfa huiacha dhahabu na kukimbilia chuma. Viwili hivyo huzaa pairaiti, yale madini ya manjano yanayong'aa ambayo yamewahadaa wengi. Dhahabu, ikiwa imenyang'anywa hamali wake, haina la kufanya ila kushuka palepale. Kwa hiyo waliodhani chuma na dhahabu vina uhusiano hawakukosea; uhusiano upo, ila ni wa mtego na kilichonaswa. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu ambaye hajawahi kusikia neno jiokemia anajua kwa uzoefu kwamba pale mwamba wa chuma ulipooza na kuwa na kutu ya pairaiti ndipo pa kuchimba duara.

Kwa hiyo kuuliza dhahabu ina umri gani ni kuuliza maji yalipita lini. Na maji yameshapita. Kilichobaki ni madini mengine yaliyoota ndani ya njia yake wakati yanapita, na kazi ya mtaalamu ni kutafuta, miongoni mwa hayo, moja lenye uwezo wa kutunza muda.

Zirkoni ndiyo mtunzaji bora tuliye naye. Ni chembe ndogo, mara nyingi ndogo kuliko punje ya chumvi, inayoota ndani ya mwamba wa moto unapoganda. Ikiwa inaota huruhusu urani kuingia katika umbo lake lakini huikataa risasi. Kwa hiyo risasi utakayoikuta humo baadaye, karibu yote, imezaliwa humohumo. Urani-238 huchukua miaka bilioni 4.47 nusu yake kubadilika. Urani-235 huchukua miaka milioni 704. Katika zirkoni ya lamprofaya ya Geita, theluthi moja ya urani-238 imeshageuka risasi, na ile urani-235 imebaki chini ya asilimia 8. Hesabu mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti ndani ya chembe moja, na zote zikikubaliana, huwa ni vigumu kubishana nazo.

Tatizo ni kwamba zirkoni hupenda mwamba wa moto, na maji ya dhahabu kwa kawaida huwa na nyuzi 250 hadi 400 tu. Kwa zirkoni hayo ni maji ya uvuguvugu. Haiyajali, haioti humo kwa urahisi, na haibadiliki yakiipitia. Uimara huohuo unaoifanya itegemewe ndio unaoifanya isiione dhahabu ikipita.

Wataalamu wakageukia madini mengine. Maika nyeupe, ambayo huota kandokando ya mishipa ya dhahabu, ina potasiamu, na potasiamu-40 huzaa agoni. Lakini agoni ni gesi, na maika ikipashwa joto la nyuzi 400 na kitu huiachia. Eneo likipata joto tena baadaye, hesabu inaanza upya, na mtaalamu asiyejihadhari ataandika umri wa joto la mwisho akidhani ni umri wa dhahabu. Zenotaimu na monazaiti, madini ya fosfeti yanayoota ndani ya mshipa wenyewe kwa chembe zisizoonekana kwa jicho, yana urani na yanavumilia zaidi; Waaustralia wameyatumia kwa ustadi katika jimbo la Yilgarn. Dhahabu nyingi ya huko, ikiwemo ile maarufu ya Kalgoorlie, imeonekana kuja kati ya miaka milioni 2,660 na 2,630 iliyopita. Mtu aliyetoka kuisoma namba ya lamprofaya ya Geita hawezi kuiona hiyo bila kushtuka. Mabara mawili yasiyojuana, kipindi kimoja. Ongeza na Abitibi ya Kanada, ambayo dhahabu yake ni ya enzi hizohizo kwa upana wake, na inakuwa dhahiri kwamba mwishoni mwa enzi ya Akea dunia nzima ilikuwa ikijenga mabara kwa kasi na kuyakamua maji yake.

Chunya si Geita

Huenda njia inayosisimua kuliko zote ni ya reniamu na osmiamu. Reniamu-187 hubadilika kuwa osmiamu-187 kwa mwendo wa polepole mno, nusu yake ikihitaji zaidi ya miaka bilioni 40, lakini metali hizi mbili zina fadhila moja kubwa: hukaa ndani ya salfaidi, yaani ndani ya pairaiti, chalkopairaiti na molibdenaiti. Hayo ndiyo madini yanayosafiri bega kwa bega na dhahabu. Kwa hiyo mtu hahitaji tena kukisia kutoka kwa jirani. Anaweza kupima kile kilichoganda pamoja nayo. Watanzania tulijifunza majina ya vitu hivi kwa njia nyingine, mwaka 2017, usafirishaji wa makinikia ulipozuiwa na taifa zima likawa linajadili nini kimo ndani ya mchanga ule wa Bulyanhulu na Buzwagi. Kilichokuwemo ni salfaidi hizihizi. Tulizijadili kwa thamani yake sokoni, na ilikuwa haki yetu. Humo humo, hata hivyo, kulikuwa na kalenda.

Njia hiyo ilitumika Chunya. Dhahabu ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920, na kwa muda mrefu wengi waliihesabu kuwa ndugu wa dhahabu ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu granaiti za sehemu ile ya Lupa ni za kale kama za huko. Mwaka 2013 Christopher Lawley, David Selby na Jonathan Imber wa Chuo Kikuu cha Durham walichapisha vipimo vya reniamu na osmiamu vya pairaiti, chalkopairaiti na molibdenaiti kutoka Lupa. Hadithi iliyotoka ni ya maji yaliyopita zaidi ya mara moja, salfaidi za mwanzo zikielekea miaka milioni 1,950 na tukio kubwa la dhahabu likiwa karibu miaka milioni 1,880 iliyopita.

Yaani dhahabu ya Chunya ni changa kuliko lamprofaya ya Geita kwa zaidi ya miaka milioni 700. Haikuja na mgongano uleule wa mabara, wala maji yaleyale. Ililetwa na kujengeka kwa milima ya Ubende, ile inayoonekana leo ikiwa mabaki ya mizizi yake kuanzia Mbeya hadi Mpanda na kuendelea. Anayetafuta Chunya kwa ramani ya fikra za Geita anatafuta ndani ya nyumba isiyo yake.

Na kinyume chake kipo pia. Kule Witwatersrand, Afrika Kusini, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1886 na jiji la Johannesburg likaota juu yake, timu ya Jason Kirk ilifanikiwa mwaka 2002 kupima dhahabu yenyewe, kwa sababu chembe zake zilikuwa na reniamu na osmiamu ya kutosha. Jibu lilikuwa miaka bilioni 3.03. Kokoto zinazoibeba zilitandazwa na mito baadaye kuliko hapo. Dhahabu ni kubwa kuliko mwamba inamokaa! Ubishi wa Witwatersrand ni mrefu na wapo ambao hadi leo wanayapa maji moto nafasi kubwa zaidi, lakini kipimo kile kiliwapa nguvu wale wanaosema dhahabu iliokotwa na mito kutoka milima iliyokwisha kusagika. Geita mwamba ni mkubwa kuliko dhahabu. Witwatersrand dhahabu ni kubwa kuliko mwamba. Ndiyo maana kibao kinachosema "mwamba huu una miaka bilioni kadhaa" hakijamwambia mtafutaji chochote kuhusu dhahabu iliyomo.

Mashariki ya Tanzania mambo yanakuwa magumu zaidi. Kuanzia Kenya kupitia Upare, Usambara, Handeni na Uluguru hadi Msumbiji kuna ukanda wa miamba iliyopikwa vikali, na jina tunaloutumia, Ukanda wa Msumbiji, lilitolewa na Mwingereza Arthur Holmes. Kijana huyu alifika Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini, akaambulia malaria iliyokaribia kumuua. Mwaka huohuo lilitoka andiko lake la kwanza la kupima umri wa mwamba kwa urani na risasi, akiwa na miaka 21. Karibu kila kipimo nilichokitaja kinatokana na mti alioupanda. Katika ukanda huo chembe moja ya zirkoni inaweza kuwa na kiini cha zaidi ya miaka bilioni 2.5 na ganda la nje lililoota miaka milioni mia sita na kitu tu iliyopita, wakati pande mbili za bara la kale la Gondwana zilipokuwa zinagongana. Sospeter Muhongo, ambaye wengi wanamkumbuka kama waziri wa nishati na madini, alikuwa kabla ya hapo profesa wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2001 yeye pamoja na Alfred Kröner na Alexander Nemchin walichapisha umri wa zirkoni za miamba hiyo, joto kuu likiangukia karibu miaka milioni 640. Handeni kuna dhahabu. Je, ni ya zamani iliyopikwa upya, au ililetwa na mgongano ule wa mwisho? Chembe moja ina majibu yote mawili ndani yake, na ukiisaga nzima na kuipima kwa pamoja unapata wastani wa umri ambao haukuwahi kuwapo.

Hapa nina jambo la kusema waziwazi. Zirkoni za Sukuma zilikwenda kwa akina Borg na Krogh. Za Lupa zilikwenda Durham. Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipochapisha mwaka 2006 umri wa volkano na granaiti za Musoma na Mara, walifanya hivyo pamoja na wenzao wa Japani. Ushirikiano huo ni mwema na hakuna sayansi inayokua bila huo. Lakini kwa nchi inayochimba dhahabu kwa kiwango chetu, kijana wa shahada ya uzamili wa Dar es Salaam au Dodoma kulazimika kusubiri nafasi kwenye mashine ya ughaibuni kwa chembe alizoziokota Chunya ni ufukara tunaouchagua. Mashine hizi ni ghali, na ghali zaidi ni kuzitunza. Migodi pia ni ghali, na tumeona ikijengwa. Sehemu ndogo ya mapato ya madini, ikiwekwa kando kwa makusudi kwa miaka michache, ingeweza kuijengea Afrika Mashariki maabara moja ya pamoja ambayo Mkenya wa Migori, Mkongo wa Kamituga na Mnyarwanda wangeitumia bila kuomba viza ya bara jingine.

Kazi ya maabara hiyo ipo tayari. Pale Geita tunajua dhahabu ilikuja baada ya miaka milioni 2,644 iliyopita, lakini upande wa pili wa mabano haujafungwa kwa kipimo cha kutosheleza. Ioan Sanislav, Paul Dirks na wenzao wa Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, wamechora ramani ya Nyankanga na mashimo jirani kwa undani na kuonyesha jinsi mipasuko iliyobeba dhahabu ilivyotumika na kutumika tena katika hatua za mwisho za ukanda huo. Granaiti za mwisho za eneo hilo ziliendelea kupanda hadi karibu miaka milioni 2,620 iliyopita. Huenda dhahabu ilikuja nazo, ndani ya dirisha hilo la miaka milioni 24. Huenda ilichelewa zaidi.

Atakayelifunga bano hilo atahitaji mshipa wenye dhahabu inayoonekana, ulioandikwa mahali pake kamili kwenye ramani ya shimo. Kipande chake kikatwe kikiwa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Kisha saa nyingi za kukipekua kwa darubini ya elektroni, milimita kwa milimita, kutafuta zenotaimu iliyogusana na dhahabu. Vipande vya mawe vya uchorongaji wa Geita vya kuanzia vinapatikana kwa maelfu ya mita.